Kiti na Shamba

Katika Kiswahili, mtu asiye na sauti si bubu. Huenda akasema kutwa kucha, akaimba harusini, akalia matangani, akasifika kwa kutoa hadithi, na bado majirani wakasema kuwa nyumbani kwake hana sauti. Maana yake ni kwamba jambo halikatwi kwa neno lake. Kinyume chake yuko mzee asemaye mara moja kwa wiki, tena kwa kunong'ona kwa ajili ya pumu, na mtaa mzima wajua kuwa sauti ni yake. Neno moja limebeba mambo mawili: mlio utokao kooni, na amri. Ni rahisi mno kumpa mtu la kwanza na kumnyima la pili, kisha kutangaza kwamba amepewa sauti.

Tafauti hiyo yafaa ikumbukwe kila yanapotafsiriwa maandiko ya mashirika ya kimataifa juu ya amani, ambayo hayachoki kuhimiza kwamba sauti za wanawake zisikike. Zisikike zikieleza, au zisikike zikikata shauri? Mfasiri mwangalifu husita hapo, na kusita kwake kuna sababu. Iko historia ya karibu, iliyopita katika ardhi ya Tanzania, ambamo maana hizo mbili zilitenganishwa kama mchele na pumba, na wanawake wa nchi jirani wakapewa moja na kuambiwa kuwa wamepewa zote.

Tarehe 15 Juni 1998 yalifunguliwa mjini Arusha mazungumzo ya amani ya Burundi, Mwalimu Julius Nyerere akiwa mpatanishi. Vita vilikuwa vimewaka tangu kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa. Na hadi vilipotulia, zaidi ya miaka kumi baadaye, hukadiriwa kwamba watu laki tatu hivi walikuwa wamepoteza maisha. Vyama vilileta wajumbe wao Arusha: vya Wahutu, vya Watutsi, vikubwa na vile ambavyo wanachama wake wangeenea katika basi moja. Wajumbe karibu wote walikuwa wanaume. Kamati zilipoundwa ili kuyapasua masuala makubwa, waliozisimamia walikuwa watu kama Armando Guebuza wa Msumbiji, Nicholas Haysom wa Afrika Kusini, padri Matteo Zuppi wa Italia na Georg Lennkh wa Austria. Walikuwa watu wa maana, na kazi yao haikuwa nyepesi. Lakini msomaji apitishe kidole katika majina hayo atafute la mwanamke.

Jambo hili lashangaza zaidi kwa nchi kama Burundi. Siku Ndadaye alipouawa, Waziri Mkuu wa nchi alikuwa mwanamke, Sylvie Kinigi, aliyeshika kazi hiyo Julai 1993. Wakuu kadhaa waliuawa pamoja na Rais. Yeye alisalimika, akakiongoza kile kilichobaki cha serikali mpaka alipopatikana rais mwingine mapema mwaka 1994. Yaani mwanamke alifaa kuishika nchi ilipokuwa ikiporomoka, siku ambazo pengine hakuna mwanamume aliyekitamani kiti hicho. Miaka mitano baadaye, nchi ilipokuwa ikigawanywa upya juu ya meza, haikuonekana haja ya kumwita wa jinsi yake.

Wanawake hawakungoja kuitwa. Tangu mwaka 1994 vyama vyao vilikuwa vimejikusanya katika umoja uitwao CAFOB, wenye Wahutu na Watutsi ndani yake, wakati ambapo kwa wanaume mchanganyiko huo ulikuwa wa kutafuta kwa taa. Kulikuwa pia na mtandao ulioitwa Dushirehamwe. Mtu wa pwani hahitaji kwenda skuli ya Kirundi ili alisikie neno hilo: *du* ni *tu* yetu ya Kiswahili, *ha* ni *pa*, *mwe* ni *moja*, tuweke pamoja, tuungane. Wanawake hao walikwenda Arusha bila ya mwaliko na kuomba nafasi penye mazungumzo. Walikataliwa. Hoja zilizotolewa dhidi yao zilikuwa za kawaida, nazo husikika popote duniani mambo kama haya yanapozuka: kwamba wanawake si upande wa vita, kwamba vyama vimekwisha kuwawakilisha watu wote, kwamba mambo ni mazito na wakati ni mfupi. Wajumbe ambao hawakuweza kupatana juu ya jeshi, juu ya urais, wala hata juu ya historia ya nchi yao wenyewe, walipatana juu ya hili bila ya kuhitaji mpatanishi.

Hoja ya kwanza katika hizo, ya kwamba wanawake si upande wa vita, ina ukweli ndani yake, na ndio maana yafaa ijibiwe. Ni kweli kwamba hakukuwa na jeshi la wanawake. Lakini ikiwa kiti hupatikana kwa bunduki peke yake, basi mazungumzo huwa ni ya kugawana baina ya waliopigana, na aliyepigwa bila ya kupiga hana fungu. Tena vikundi viwili vikubwa vilivyokuwa msituni na bunduki zao havikuwamo katika mkataba wa Arusha. Vyama vidogo visivyo na askari hata mmoja vilikaa mezani. Kipimo cha bunduki, basi, kiliwekewa wanawake tu.

Walibaki ujiani. Waliwakamata wajumbe baina ya kikao na kikao, wakawaendea wapatanishi na viongozi wa nchi jirani, wakazungumza na mmoja mmoja pale ambapo kundi zima lilikuwa halitaki kuwasikia. Mwisho wanawake wachache, ambao hesabu yao haikuvimaliza vidole vya mikono miwili, walikubaliwa kuwa waangalizi. Neno mwangalizi nalo lafaa lisimamishwe kidogo. Katika Kiswahili, mwangalizi wa nyumba ni mtunzaji wake, mwenye dhamana. Mwangalizi wa mkutano ni mtu anayetazama. Anakaa ndani, anasikia yote, na linapofika la kukata shauri hana mkono wa kuinua.

Wasomaji wa pwani hawahitaji kuchorewa picha hiyo. Nyumba ya zamani ina baraza nje, ina daka, ukumbi, vyumba vya ndani, kisha ua. Wanaume hukaa barazani wakayakata mashauri ya mtaa. Nyuma ya pazia wanawake husikia kila neno, na usiku bwana hupewa ushauri ambao asubuhi atautoa barazani kuwa ni wake. Wapo wanaousifu mtindo huo na kusema kwamba kwa hakika mtawala wa mji ni mwanamke. Sifa hiyo ni ya bei rahisi. Ushauri uliotolewa chumbani hauna kumbukumbu. Bwana akiusahau, au akiuona mzito mbele ya wenziwe, hakuna wa kumkatiza akamwambia, la, hivyo sivyo tulivyokubaliana. Vita vya Bwana Mataka wa Siyu na Seyyid Said vina nafasi yake katika historia ya pwani, lakini yamkini wengi wanaomjua Bwana Mataka leo wamjua kwa sababu ya mkewe, Mwana Kupona binti Mshamu, na utendi alioutunga mwaka 1858. Neno la mke limeishi kuliko mizinga ya mume. Hata hivyo, neno hilo lilikuwa wasia wa mama kwa bintiye, la ndani ya nyumba. Vita na suluhu vilikuwa vya barazani.

Katika mji ule ule wa Arusha, na katika miezi ile ile, kulikuwa na chumba kingine ambamo mambo yalikwenda vingine. Mahakama ya kimataifa iliyoundwa kwa ajili ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwa ikimhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa tarafa ya Taba. Hati ya mashtaka ya mwanzo haikutaja ubakaji. Mwanzoni mwa mwaka 1997 mashahidi wanawake walisimama kueleza mauaji, na katika kueleza wakayagusa yale waliyotendewa wao na mabinti zao. Miongoni mwa majaji watatu waliokuwa wakisikiliza alikuwamo mwanamke mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, naye aliuliza, akataka aelezwe zaidi. Juni mwaka huo hati ikarekebishwa. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu alitiwa hatiani, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mashahidi walikuwa na sauti ya kwanza, ile ya kooni. Jaji alikuwa na ya pili. Pasingekuwa na wa kuuliza kutoka kitini, maneno ya mashahidi huenda yangeandikwa katika kumbukumbu za siku ile na kulala humo.

Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, na Nelson Mandela akaishika kazi yake. Katika Julai ya mwaka 2000, wiki chache kabla ya kutiwa saini mkataba, ulifanyika Arusha mkutano wa wanawake wa Burundi, ulioandaliwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNIFEM pamoja na Taasisi ya Mwalimu Nyerere. Kila upande katika pande 19 za mazungumzo ulitoa wanawake wawili, na waangalizi wakawamo. Kwa siku nne Wahutu na Watutsi, wa serikali na wa upinzani, walikaa na kufanya lile ambalo waume zao na kaka zao hawakuliweza kwa miaka miwili: waliandika karatasi moja.

Karatasi hiyo haikuwa ya huruma wala ya machozi. Ilidai kwamba ubakaji na ukatili wa vita dhidi ya wanawake usisamehewe kwa jina la suluhu. Ilidai ulinzi wa wanawake waliokuwa katika kambi na wa wale watakaorejea makwao. Ilidai watoto wa kike wasome sawa na wa kiume. Ilidai kwamba wanawake wasipungue asilimia 30 katika bunge, serikali, mahakama na kila chombo kitakachoundwa na mkataba. Na ilidai kwamba mwanamke awe na haki ya kumiliki ardhi na ya kurithi. Mandela alikabidhiwa madai hayo, naye hakuyapuuza.

Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, pande 13 zikisaini siku hiyo na nyingine sita katika wiki zilizofuata. Zaidi ya nusu ya madai ya wanawake yalikuwamo, kwa njia moja au nyingine, katika itifaki zake tano. Hilo si haba kwa watu waliokuwa wakisubiri ujiani. Usawa wa mwanamume na mwanamke ulitamkwa miongoni mwa haki za msingi. Lakini asilimia 30 haikuwamo, kwa sababu wajumbe waliikataa. Juu ya urithi, maneno mapana ya usawa yalikuwamo, na sheria ya kuyafikisha mkononi mwa mtu ikaachwa iandikwe baadaye. Kuna mahali pamoja katika itifaki ya nne ambapo mfasiri hulazimika kuweka kalamu chini. Wajane na wanawake wakuu wa kaya wametajwa humo, tena kwa nia njema, katika kifungu cha watu dhaifu wanaohitaji kusaidiwa. Nao wamepangwa katika safu moja na yatima, watoto wa mitaani, watoto wakorofi na walemavu. Wanawake walikwenda Arusha wakisema kwamba wao ndio walioilisha nchi miaka ile ya vita. Wakatoka wakiwa wameandikwa pamoja na wanaongoja kulishwa. Ndivyo neno linavyobadilika likipelekwa na tarishi.

Miezi miwili baadaye, tarehe 31 Oktoba 2000, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, likiongozwa mwezi huo na Namibia, lilipitisha azimio namba 1325 la kutaka wanawake washirikishwe katika kuzuia vita na kufanya suluhu. Kwa Warundi lilikuja baada ya karamu kwisha.

Hata hivyo, asilimia 30 ilikuja. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 28 Februari 2005 iliiweka bungeni, katika baraza la seneti na katika serikali, na hata katiba mpya ya mwaka 2018 haikuiondoa. Mwaka ule wa 2005 Immaculée Nahayo akawa Spika wa Bunge, na Alice Nzomukunda akawa Makamu wa Pili wa Rais. Hapa msomaji aweza kudhani kwamba kisa kimeishia vizuri, kuwa kilichokataliwa Arusha kimepokewa Bujumbura, na kwamba subira imevuta heri. Kwa upande wa kiti, imevuta.

Upande wa shamba ni mwingine, na shamba ndilo jambo lenyewe. Burundi ni nchi ya vilima, na walio wengi mno kati ya watu wake huishi kwa jembe, kila kaya ikiwa na kipande ambacho mara nyingi hakifiki nusu hekta. Anayekosa ardhi huko hakosi mali tu. Hukosa pa kusimama. Kwa mila, ardhi hurithiwa na watoto wa kiume. Binti aliyeolewa hulima ya mumewe, na mume akifa hukaa juu yake kwa ajili ya wanawe, ikiwa anao wa kiume na ikiwa shemeji zake ni watu wa haya. Sheria ya mambo ya watu na familia ya mwaka 1993 ilinyamaza juu ya mirathi. Katika miaka ya 2000 iliandaliwa rasimu ya sheria ya mirathi, ikajadiliwa, ikapigiwa mbio na vyama vile vile vya wanawake vilivyokwenda Arusha. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 serikali ikaiweka kando. Haijapita. Zipo hukumu za mahakama zilizompa binti fungu, lakini hukumu hutegemea hakimu, na kufika kwa hakimu kunahitaji nauli, na kumshitaki kaka kunahitaji moyo ambao si kila mtu anao.

Machungu yake yalionekana zaidi baada ya vita, wakimbizi walipoanza kurejea kutoka Tanzania. Miongoni mwao walikuwamo waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wakaishi miongo mitatu Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakazaa watoto wanaoota ndoto kwa Kiswahili. Mwaka 2006 iliundwa tume ya ardhi ya kusikiliza madai ya waliorejea na ya waliowakuta juu ya mashamba yao. Mwanamume aliyerejea alidai kwa jina la baba yake. Mjane alidai kwa jina la nani? Mumewe alifia kambini, ndoa yao ilifungwa kambini bila ya karatasi, na mashahidi wa mipaka ya shamba walikuwa ni wale wale waliolichukua. Yeye ndiye aliyekusudiwa na karatasi ile ya Julai 2000. Asilimia 30 ya viti mjini haikumfikia kule kilimani.

Kwa nini kiti kikapatikana na shamba lisipatikane? Jibu liko katika namna viti vilivyopatikana. Bunge la Burundi la mwaka 2005 lilikuwa na wabunge 100 waliochaguliwa, na wengine 18 walioongezwa ili kuzitimiza hesabu za katiba, za kabila na za jinsia. Waliongezwa, hakuna mwanamume aliyeambiwa asimame ampishe mwanamke. Wasomaji wa visiwani na wa bara wanaujua mtindo huo kwa jina la viti maalumu, na wanajua kwamba huwa hauna uadui mkubwa, kwani gharama yake inalipwa na hazina. Shamba halina nyongeza. Kilima ni kile kile alichokiumba Mungu, na hatua moja anayopewa dada ni hatua moja inayotoka kwa kaka. Dola yaweza kuwa karimu kwa viti vyake. Kwa shamba, mkarimu atakiwa awe kila mwanamume mmoja mmoja, akiwamo mbunge anayepiga kura.

Kenya yatoa mfano wa upande wa pili, nao unalithibitisha jambo lile lile kwa kuligeuza. Katika mazungumzo ya mwaka 2008 yaliyozima machafuko ya baada ya uchaguzi, wanawake walikuwapo mezani kabisa: Martha Karua upande wa serikali, Sally Kosgei upande wa upinzani, na Graça Machel miongoni mwa wapatanishi pamoja na Kofi Annan na Benjamin Mkapa. Katiba iliyozaliwa na suluhu hiyo mwaka 2010 iliandika waziwazi kwamba ubaguzi wa kijinsia katika sheria na mila za ardhi uondolewe. Vilevile iliandika kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya uchaguzi. Ni hili la viti lililokwama bungeni mara baada ya mara, mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alipomshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kulitimiza. Na Bunge halikuvunjwa. Huko viti ndivyo vilivyoonekana kuwa vinatoka kwa wenyewe. Haki hupita kwa wepesi pale ambapo anayeipitisha hapungukiwi.

Ni uadilifu kuisikiliza pia hofu ya kaka wa Burundi. Yeye husema: nusu hekta hii tukiigawa na dada zangu wanne, hakuna atakayeshiba, na dada yangu atakula pawili, kwa baba na kwa mumewe. Njaa anayoisema si ya kubuni. Lakini hesabu yake ina tundu. Kaka naye ana mke, na mke huyo ana baba; penye sheria moja kwa wote, fungu linalotoka na dada hurudi na mke. Ardhi haipungui, ila inahama na kukatikakatika, na tatizo la kukatikakatika lipo tayari baina ya kaka na kaka. Rwanda, nchi ya vilima vile vile na msongamano ule ule, ilipitisha mwaka 1999 sheria ya kuwarithisha watoto wa kike sawa na wa kiume. Haikumaliza ugomvi wa ndugu, na hakuna aliyetarajia imalize; lakini binti wa Rwanda akienda barazani huenda na kifungu mkononi. Watu wa visiwani, ambao kwao mirathi ina mafungu yaliyokwisha pangwa na fungu la binti haliondolewi na mila, wana haki ya kuushangaa utaratibu wa Burundi. Wasishangae sana. Wangapi kati ya dada zao wameombwa waache fungu lao la minazi kwa kaka, kwa ajili ya umoja wa ukoo, wakaliacha?

Mei 2015, Bujumbura ilipochafuka kwa sababu ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, wanawake waliandamana wakafika katikati ya mji, mahali ambapo waandamanaji wanaume walikuwa wamezuiwa. Mwaka huo huo ulianza kufanya kazi mtandao wa wanawake wapatanishi, 534 kwa hesabu, walioenea katika tarafa zote za nchi. Methali ya Kirundi husema kwamba tembe hawiki penye jogoo, na mabaraza ya bashingantahe, wazee waamuzi wa vilimani, kwa mila yalikuwa ya wanaume. Wapatanishi hawa hawakuwika. Walikwenda nyumba kwa nyumba. Wanapatanisha mume na mke, jirani na jirani, aliyerejea na aliyebaki. Mashauri yanayowafikia ni pamoja na ya mipaka ya mashamba, nao huyasuluhisha: mtu anasimama juu ya ardhi isiyoweza kuwa yake, anawaonyesha wanaume wawili mahali pa kuchimbia jiwe la mpaka.

Mila ya Burundi, kwa haki yake, haimwachi binti mikono mitupu. Baba aweza kumkatia binti yake aliyeolewa kipande kidogo cha shamba, alime, apate cha kupeleka kwa mumewe. Kipande hicho huitwa *igiseke*, yaani kikapu. Ni jina zuri, na mfasiri hutamani aliache lilivyo, kwani kikapu ni kitu cha mwanamke katika lugha zote za upande huu: husukwa naye, hujazwa naye, hubebwa naye kichwani. Mazao ni yake kwa muda wote anaoishi. Hawezi kukiuza kipande hicho, wala kukiweka rehani, wala kuwaachia wanawe. Akifa, ardhi hurudi kwa kaka zake.